Barua kwa Mwalimu: Tanga ya Novemba 1914 juu ya ubao wa futi nne

Toleo lililopita nilieleza kwa ufupi ubao ninaoujenga sebuleni kwangu hapa Tanga. Ni vita vya Novemba 1914 kati ya Wajerumani na Waingereza, kwa vijisanamu vya milimita 28. Jumamosi jioni tunaukalia, vijana wa mtaani na mimi, tunacheza vita vya mezani kwa dadu na futikamba. Barua zimekuja nyingi kuliko kurasa nilizopewa. Nimechagua sita.

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni kijana wa Muheza, nimemaliza kidato cha sita. Nataka kujenga vita vya Tanga vyote, tangu meli zilipoingia mpaka Waingereza walipoondoka. Nina ubao wa futi nne kwa nne na vijisanamu arobaini vya milimita 28. Nianzie wapi?

Marahaba mwanangu. Anza kwa kupunguza. Kijisanamu cha milimita 28 ni karibu sehemu moja ya 56 ya mtu halisi, na kwa kipimo hicho kilomita moja ya ardhi inataka meza ya mita 18. Kutoka Ras Kasone, waliposhukia Waingereza, mpaka mjini ni kama kilomita tatu. Kuijenga njia hiyo yote kungekula nusu ya uwanja wa mpira. Ubao wako unabeba mita 68 tu za ardhi. Hapo pana nafasi ya nyumba mbili, kipande cha shamba na njia ya kupita.

Kwa hiyo chagua mahali pamoja na saa moja. Mwingereza William Siborne alipopewa kazi ya kujenga mfano wa vita vya Waterloo (vya 1815, dhidi ya Napoleon wa Ufaransa) mwaka 1830, alikwenda kukaa miezi minane kwenye shamba la La Haye Sainte, katikati kabisa ya uwanja ule wa vita, akipima mashamba na vilima. Kisha akachagua saa moja tu, saa moja jioni, akaweka vijisanamu zaidi ya 70,000. Mfano wake ulionyeshwa London mwaka 1838. Ugomvi uliompata ulikuwa juu ya saa ile ile: kwa saa moja jioni Waprusia, Wajerumani waliokuja kuwasaidia Waingereza, walikuwa wamekwishafika kwa wingi, naye aliwaweka, na wakubwa wa Uingereza hawakupenda kushiriki ushindi. Wengi wao ikabidi awang'oe. Ukichagua saa, mwanangu, umekubali kuonyesha kila aliyekuwepo saa hiyo.

Mimi nimechagua alasiri ya tarehe 4 Novemba, mashariki ya mji, pale reli ilipochimbiwa ndani ya ardhi. Jenerali Aitken wa Waingereza alikuwa ameleta watu wapatao 8,000, wengi wao Wahindi waliokaa melini majuma mengi. Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, alikuwa na kama elfu moja, wengi wao askari Waafrika, na wengine aliwashusha kwa treni kutoka Moshi usiku wa kuamkia siku hiyo. Waingereza walikwenda mbele bila kupeleleza ardhi, katikati ya mashamba na migomba na minazi, hawaonani wao kwa wao. Upande wa kulia, askari wa Lancashire na wa Kashmir waliingia mjini kabisa. Upande wa kushoto walivunjika. Reli ile iliyozama ardhini ilikuwa handaki lililochimbwa miaka kabla ya vita, na ndiyo inayonipa ubao wenye sura: chini askari wamelala kwenye ukingo, juu shamba, ng'ambo moshi.

Ndiyo, moshi, na uwe wa upande mmoja tu. Makampuni mengi ya askari wa Kijerumani bado yalikuwa na bunduki za mtindo wa 1871, za baruti nyeusi, kila mlio na wingu lake jeupe. Wahindi na Waingereza walikuwa na bunduki za baruti isiyotoa moshi. Mchezaji mgeni akikaa mezani kwangu huona mara moja nani anajificha wapi, kama alivyoona aliyekuwepo siku ile. Moshi wangu ni sufi. Vuta kitonge kutoka kwenye mto wa zamani, kichambue mpaka uone kidole chako upande wa pili, kisha kinyunyizie gundi nyeupe iliyoongezwa maji. Pamba ya dukani inabaki kama pamba. Sufi ina mng'ao na wepesi wa moshi halisi.

Nyasi ni katani. Ukiwa Muheza huna sababu ya kununua nyasi za plastiki kutoka ng'ambo. Kata nyuzi za sentimita moja, ambazo kwenye ubao ni nyasi za kufika juu ya goti, zichovye kwenye chai ya rangi nzito, ukaushe, upande kwa vishungi. Makuti ya paa nayatengeneza kwa makumbi ya nazi niliyoyapiga na kuyachana.

Jambo moja watu wanalisahau: ubao huu si wa kabati la kioo. Mikono itapita juu yake. Usigandishe minazi, kila mmoja uchomeke kwenye tundu lake, ung'oke mchezaji anapotaka kupitisha kikosi. Ukingo wa reli uwe na ngazi za upana wa sentimita mbili na nusu, kitako cha kijisanamu kikae bila kuteleza. Na kabla hujagusa ubao mkubwa, fanya kimoja kidogo cha kuufundisha mkono. Usiku wa kuamkia tarehe 4, Lettow alipita mjini kwa baiskeli kuangalia bandari na meli za Waingereza. Mtu mmoja, baiskeli moja, ukuta wa chokaa, mnazi, barabara tupu. Ukiweza kumfanya mtazamaji aone kwamba ni usiku kwa rangi peke yake, umefuzu.

Mwalimu, nina kikosi kizima cha KAR (King's African Rifles, askari Waafrika wa Waingereza), peku, nimekipaka vizuri sana. Naweza kukiweka kwenye ubao wa Tanga? – Msomaji, Machakos

La. Aitken alishauriwa awachukue akakataa. Waweke Latema-Reata, Machi 1916, au sehemu yoyote ya miaka iliyofuata, na peku zao zitakuwa sahihi. Tanga, kutokuwepo kwao ni sehemu ya habari yenyewe.

Habari za kazi Mwalimu. Naandika kutoka Voi. Nimepaka askari kumi na wawili wa Kijerumani. Nguo zinapendeza lakini nyuso zote zimekuwa kama vipande vya sabuni ya magadi. Nilitumia rangi ya kahawia, nikaongeza nyeupe kwa sehemu za mwanga. Nimekosea wapi?

Njema, ndugu yangu. Umekosea kwenye ile nyeupe, na si wewe peke yako. Picha nyingi za maelekezo zinazozunguka zimefanywa na watu wanaopaka nyuso za Wazungu, na ngozi nyeusi wanaimalizia kwa sentensi moja. Sisi tuna mfano ulio hai mwishoni mwa mkono. Nenda dirishani saa nne asubuhi, ukunje ngumi, uitazame. Sehemu zilizoinuka zinang'aa kwa wekundu na kwa shaba, na kwenye mikunjo kuna giza lenye buluu. Weupe uko wapi? Ukiongeza nyeupe unapata ngozi iliyopauka, ya mtu aliyeoga akasahau mafuta.

Nafanya hivi. Tabaka la kwanza ni kahawia iliyokolea yenye tone la buluu, uso mzima, shingo na mikono. Rangi iwe nyepesi kama maziwa, isiwe nzito kama mtindi; matabaka mawili mepesi hayazibi pua na midomo, tabaka moja zito linaziba. Likikauka, chukua kahawia yenye wekundu, rangi ya udongo wa Voi hasa, uguse mifupa ya mashavu, mgongo wa pua, paji, kidevu na vifundo vya vidole. Tabaka la tatu ni ule wekundu ulioongezwa manjano ya udongo kidogo, kwa ncha ya brashi: nukta moja puani, mstari juu ya kila shavu. Mdomo wa chini uwe na wekundu kidogo kuliko uso. Viganja viwe vyepesi, vya waridi na kahawia. Macho yaache. Kwa mbali ya mkono mmoja, jicho la mtu aliyekaza macho juani ni kivuli chembamba, na ukitia nyeupe humo umempa uso wa mtu aliyeona jini.

Kisha wape tofauti. Kikosi cha kwanza cha Mjerumani Wissmann mwaka 1889 kilikuwa cha Wasudani walioandikishwa Misri na Washangani kutoka Msumbiji. Kufikia 1914 wengi walikuwa Wanyamwezi, Wasukuma, Wamanyema na wengine. Hawawezi kutoka kwenye kikombe kimoja cha rangi. Mimi nachanganya vikombe vitatu, kimoja chenye buluu zaidi, kimoja chenye wekundu zaidi, kimoja katikati, na ninawapaka kwa kuchanganya mistari. Wahindi nao hivyo hivyo. Walitoka nchi kubwa, na vilemba vyao havikufungwa mtindo mmoja: usinunue kichwa kimoja cha kilemba ukakirudia mara mia.

Umenitumia pia picha ya kofia. Ile nyekundu ya tarbushi ivue. Vitani walivaa tarbushi iliyofunikwa kitambaa cha kaki, yenye pazia la shingoni, na tai wa fedha mbele. Na kaki yenyewe isiwe moja. Kaki iliyofuliwa mara tatu si kaki iliyofuliwa mara thelathini. Wengine waongezee kijani, wengine waipaushe mpaka ikaribie mchanga. Umalize kwa maji ya rangi, yaani kahawia iliyochujuliwa sana, yateremke yenyewe kwenye mikunjo ya nguo, na ufute yaliyosimama juu ya magoti.

Kama vijisanamu vyako ni vya zamani vya metali, huenda vina madini ya risasi ndani, nayo ni sumu. Nawa kabla ya kula, na ncha ya brashi usiilambe.

Mwalimu, mimi ni mama wa nyumbani, Kigamboni. Mimi na mwanangu wa kiume tulijenga ubao wa kijiji. Baada ya wiki tatu umeota ukungu wa kijani, na kilima cha sponji nyeupe ya boksi la televisheni kimeyeyuka tulipopuliza rangi ya kopo. Tunaweza kuuokoa?

Dada yangu, kilima hakiokoki. Ukikate, ukitupe, ujenge kingine. Ile sponji ngumu nyeupe inaliwa na viyeyusho vilivyomo kwenye rangi ya kupuliza, na pia na gundi nyingi za haraka. Mwaka wangu wa kwanza nilipoteza ukingo mzima wa reli, kazi ya miezi miwili, kwa kupuliza rangi nusu dakika. Nilisimama pale na kopo mkononi nikisikia inavyochacharika. Tangu siku hiyo kila kilima nakivisha kwanza: gundi nyeupe ya seremala, karatasi ya choo juu yake, gundi tena, kikauke usiku kucha, halafu kipakwe kwa brashi rangi ya maji ya ukutani. Rangi ya kopo nawapulizia vijisanamu peke yao, mbali na ubao, na si siku ya mvua. Hewa ya pwani ikiwa nzito, rangi inatua kama unga na vanishi inafanya utando mweupe.

Ukungu ni habari nyingine. Nadhani mlitumia udongo wa uani na gundi ya uji wa ngano, na mlifanya vizuri, kwa sababu hakuna rangi ya dukani inayofanana na udongo wenyewe. Udongo wa ubao wangu niliuchota kando ya njia ya Ras Kasone. Ila unatakiwa upikwe. Uchekeche kwa kipande cha chandarua cha zamani, uweke kwenye sufuria usiyoitumia kwa chakula, ukaange juu ya jiko la mkaa huku ukikoroga, mpaka usiwe na mvuke wala harufu ya shamba. Majani ya chai yaliyotumika, ambayo yanafanya majani makavu mazuri sana chini ya migomba, nayo yaanike juani siku mbili kisha yakaange vivyo hivyo. Uji wa ngano utie matone ya mafuta ya karafuu, yanazuia ukungu.

Sehemu iliyokwisha kuota ukungu iparue hadi kwenye ubao, uifute kwa kitambaa chenye spiriti, uianike mchana mmoja. Nyumba zenu kwenye picha ziko salama. Yule kuku mlangoni, kama ni kazi ya mwanao, mwambie nimemtazama kwa miwani ya kukuzia, na amempatia.

Mwalimu shikamoo. Niko darasa la saba, Unguja. Babu aliniambia nyuki ndio waliowashinda Waingereza Tanga. Nataka kuweka nyuki kwenye ubao wangu. Nitumie punje za ufuta?

Marahaba mjukuu wangu. Hesabu kwanza. Nyuki wa kwetu ana urefu wa kama milimita 12. Gawa kwa 56. Unapata moja ya tano ya milimita, kama punje ya mchanga laini. Ufuta kwenye ubao wako ungekuwa nyuki mkubwa kama shomoro.

Nyuki hawaonekani, wanaonekana waliong'atwa. Mchukue kijisanamu mmoja, umkate mkono kwenye kiwiko kwa kisu chenye makali (mwombe mkubwa akusaidie), uugeuze ujipige shingoni. Mwingine amefunika uso kwa kitambaa cha kilemba. Bunduki mbili ziache chini kwenye nyasi. Mtu akitazama atauliza hawa wanakimbia nini, na hapo ndipo atakapoinua macho kwenye miti.

Kwenye miti pana mizinga. Lugha yetu imetuhifadhia jambo hapa, maana Tanga siku zile ilikuwa na mizinga ya aina mbili, ya Fox, meli ya kivita ya Waingereza, na ya warina asali. Mzinga wa gogo wenye urefu wa mita moja ni milimita 18 kwako. Tafuta kijiti cha mhogo kilichokauka, chembamba kama kalamu ya risasi au kidogo zaidi, usukume kiini chake kwa sindano ya kushonea magunia, uzibe ncha kwa karatasi, utoboe tundu, uning'inize kwa uzi. 

Na umwambie babu kwa heshima kwamba nyuki walishambulia pande zote. Walitua hata kwa Wajerumani kwenye bunduki za mashine. Walikuwepo waliodai Wajerumani walifunga nyaya mizingani ili nyuki watoke kwa hila. Hiyo ni hadithi. Risasi zilipasua mizinga, nyuki wakatoka. Kikosi cha Wahindi namba 98 waliwavuruga kweli, lakini waliowashinda Waingereza ni watu waliokuwa kwenye ule ukingo wa reli, na ukiwaondoa kwenye ubao ukabakiza nyuki umewanyima walichofanya.

Ndugu Mwalimu, naishi Kariakoo, Dar es Salaam. Nasoma safu yako siku zote, lakini hili la vita vya mezani limenikaa vibaya. Babu wa baba yangu alikufa akiwa mpagazi katika vita hivyo. Ninyi mnatupa dadu juu ya kaburi lake. Huoni vibaya?

Ndugu yangu, nimeisoma barua yako mara nyingi kabla ya kujibu.

Babu yangu mzaa mama alikuwa Mbondei. Mwaka 1916 alichukuliwa kubeba mizigo ya Wajerumani walipokuwa wakirudi nyuma kuelekea kusini. Alirudi. Mama alisema alirudi na kipara utosini, duara kama sarafu, pale ngata ilipokaa, na nywele hazikuota tena hapo mpaka anazikwa. Hicho ndicho nilichoachiwa cha vita vile, duara lile. Majina ya majenerali niliyapata shuleni.

Mtaa unaoishi umepata jina kutokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza. Waliokufa kwa njaa, kuhara, malaria na uchovu katika miaka ile minne, wa pande zote mbili, ni makumi ya maelfu. Hapa Tanga, katika siku nne zile, Waingereza walipoteza zaidi ya watu 800, waliokufa na waliojeruhiwa, wengi wao Wahindi ambao hawakujua hata wameletwa nchi gani.

Naona vibaya pale vita vinapochezwa bila wao. Nimenunua maboksi ya vijisanamu vya Afrika Mashariki yenye Wazungu watano wa mikao mitano, askari ishirini, na mpagazi hakuna. Bunduki ya mashine inauzwa imesimama peke yake kama vile imeota pale, ilhali haikwenda hatua moja bila vichwa na mabega ya watu. Kampuni ya Kijerumani ilitembea na wapagazi wengi kuliko askari. Kwa hiyo mezani kwangu kuna kanuni ambayo haimo kwenye kitabu chochote: kila bunduki ya mashine ina wapagazi wanne kwenye ubao, na wakifa au wakikimbia, bunduki inapiga zamu mbili tu za mchezo kisha inanyamaza. Vijana walipoanza walikuwa wakiwarundika wapagazi pembeni. Sasa mchezaji hafikirii hatua bila kuuliza kwanza wako wapi. Kijana mmoja wa kidato cha pili aliniuliza Jumamosi moja, walilipwa? Tukaacha dadu, tukazungumza mpaka isha. Sijui njia nyingine ya kumfanya kijana wa miaka kumi na tano aulize swali hilo mwenyewe.

Kama hata hivyo moyo wako unakataa, nauheshimu, na sitakuomba uje ukae mezani. Lakini ningependa umtengeneze mmoja, asiwe wa kuchezea, wa kuweka nyumbani. Chukua kijisanamu yeyote aliyesimama, uparue nguo zake kwa kisu hadi abaki na umbo. Kaniki ni kipande cha karatasi laini kilicholoweshwa gundi, ukifunge kiunoni kingali chepesi, ukipake nyeusi yenye buluu. Sanduku la risasi ni kipande cha mbao ya kiberiti cha milimita nane kwa nne. Kisha ngata, na hapa usifanye haraka: zungusha uzi wa kushonea mara tatu kwenye sindano nene, gusa gundi, vuta sindano, uibonyeze kati ya utosi na sanduku ili mzigo uonekane umelalia kitu. Uzi uwe wa kahawia, kwa maana ngata iliyokwisha kunywa jasho la wiki mbili haina weupe.

Wa kwangu nimewaandika majina chini ya vitako, kwa wino, yale ambayo wazee wa hapa waliniambia. Mmoja bado hana. Nitumie jina la babu wa baba yako, na jinsi lilivyoandikwa nyumbani kwenu.